Sifa za Bwana Kuvu, Shahidi Asiyehongwa

Katika biashara ya nyumba hapa Kamina wapo wengi wa kuheshimiwa: mwenye nyumba, komisionere, chifu wa mtaa, mtu wa kadasta, na yule shahidi wa pande zote mbili aliyefuata bia. Kila mmoja hupewa chake. Yupo mwingine afanyaye kazi usiku na mchana bila kudai hata faranga, na shukrani anayopata ni kusuguliwa kwa brashi na kupakwa chokaa usoni. Namsemea Bwana Kuvu, yule mweusi wa pembeni mwa dirisha.

Kwanza, hasemi uongo. Komisionere akikuingiza chumbani hukuonyesha dari, mlango, mwembe wa uani. Yeye mwenyewe ameegemea kabati, habanduki hapo. Mwombe alisogeze. Nyuma yake kuna madoa meusi yenye ukingo wa kijani, rangi imevimba, na ukiigusa kwa ukucha inabanduka, chumvi nyeupe inamwagika sakafuni kama unga. “Papa, ile ni moshi tu ya makala.” Makala! Moshi wa mbabula hupanda darini. Huyu ameanzia sakafuni, na sasa amefika magotini.

Sertifika hughushiwa. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni mali ya Dola, nasi tunagombania haki ya kuikalia, na parseli moja huweza kuuzwa kwa watu wawili, kila mmoja akiwa na muhuri wake. Kuvu haghushiwi. Wala hamsingizii mtu: mbegu zake zimo hewani kila mahali, hata kwa askofu, lakini haketi ila penye maji. Alipo yeye, ama bati limetoboka, ama msingi unafyonza maji ya ardhini kwa sababu fundi hakuweka kitu cha kuyazuia kati yake na matofali.

Tusimdharau pia kwa ukoo. Mwaka 1928, mwaka uleule reli ya BCK kutoka Bukama ilipofika Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikipita hapahapa kwetu, ndugu yake mmoja aliangukia kisahani cha Alexander Fleming huko London, akaua vijidudu vilivyokuwamo. Ndiyo penisilini. Nani ameokoa watu wengi zaidi, yeye au wanaouza nyumba?

Na hapa Kamina, mji wa Wamethodisti na Wakatoliki, Bwana Kuvu hawezi kukosa mahali katika Biblia. Someni Walawi 14. Kuhani anaitwa, vyombo vinatolewa nje, nyumba inafungwa siku 7. Madoa yakienea, mawe yenye doa yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa. Yakirudi tena, nyumba inabomolewa na kifusi kinatupwa nje ya mji. Ila linalonishangaza mimi ni la mwanzo: mwenye nyumba ndiye anayekwenda mwenyewe kwa kuhani kusema nyumba yangu ina doa. Mwenye nyumba wa namna hiyo bado namngojea hapa kwetu.

Watamshitaki kwamba anakohoza watoto. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2009 kwamba kukaa penye unyevu na kuvu huzidisha pumu na magonjwa ya kifua. Lakini mtetezi wake ana neno: baba alionyeshwa doa ukutani, akalipaka rangi. Kuvu angefanya nini zaidi ili asikiwe? Hata maji ya javeli hayamwondoi. Humfuta weusi tu. Tofali linabaki na unyevu wake, naye anarudi na mvua za kwanza, hana kinyongo.

Na anajua kupatana bei kuliko mjomba yeyote. Mwenye nyumba akitaja dola zake, wewe nyamaza, weka kiganja ukutani, kitazame kilivyolowa. Bei yenyewe itaanza kushuka. Ubaya wake mmoja ni usingizi: kiangazi chote hulala, na ndiyo maana mwezi wa 8 nyumba nyingi zinanukia rangi mpya na zina haraka ya kuuzwa.

Basi, ndugu mnunuzi, usikubali kuona nyumba ya kiangazi. Rudi mwezi wa 2, asubuhi baada ya mvua kubwa, usogeze makabati. Ukimkuta Bwana Kuvu juu, chini ya bati lililotoboka, nunua, ukate bei ya mabati na ya fundi. Ukimkuta anapanda kutoka msingini katika kila chumba, mshukuru kwa heshima zote, umwachie nyumba yake.