Nishani kwa Ushuzi

Mwaka 2017 Mkenya mmoja alipigwa picha kwenye foleni ya kupiga kura akila githeri kutoka mfuko wa plastiki. Taifa likampenda, na baadaye Rais Uhuru Kenyatta akamtunukia nishani. Ilikuwa haki kabisa. Tatizo ni kwamba heshima ile iliishia mdomoni, ilhali githeri huendelea na safari. Mzao wake halali, ushuzi, mpaka leo hajakumbukwa na mtu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Utetezi huu unaandikwa Dagoretti, na sioni mahali panapoufaa zaidi. Kawangware, Riruta, Waithaka, Mutuini: saa saba mchana ni saa ya chapo madondo. Mama wa kibanda anafunua sufuria, mvuke unampiga usoni, anachota upawa mmoja wa maharagwe na kuumwaga juu ya chapati iliyokatwa vipande, kisha anauliza kama uongezewe avokado. Vijana wa mjengo wanakula wakiwa wamesimama. Huko Dagoretti Market kwenye machinjio kuna matumbo na mutura kwa aliyeamka na bahati, lakini wengi wetu tunashibishwa na madondo, githeri na ndengu. Ushuzi wa mitaa hii, basi, ni risiti ya mlo uliolipiwa kwa jasho.

Na kosa lenyewe si letu. Ndani ya maharagwe mna sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita salama salimini hadi utumbo mpana, ambako bakteria kwa mabilioni wanazingoja kama wageni wa harusi. Wanakula, wanatoa gesi, na papo hapo wanatengeneza asidi zinazolisha kuta za utumbo huo. Anayetaka kupunguza shangwe aloweke maharagwe usiku kucha na kumwaga yale maji. Kuzimaliza kabisa asijisumbue: mtu mzima mwenye afya huachia takriban mara 10 hadi 20 kwa siku, awe wa Lavington au wa Kabiria.

Hata harufu inasingiziwa. Sehemu kubwa ya ushuzi ni naitrojeni, haidrojeni na kaboni dioksidi, gesi zisizonuka hata kidogo. Kinachonuka ni michanganyiko ya salfa isiyofika asilimia 1. Katika ofisi ngapi za umma wachafuzi ni wachache namna hiyo?

Upande matatu ya 46 siku ya mvua, madirisha yamefungwa, abiria wamebanana na miavuli inatiririsha maji kwenye viatu vya wenzao. Kimya. Kisha habari inaenea kutoka viti vya nyuma. Mwenye suti anamtazama mwenye ovaroli. Mwenye ovaroli anamtazama mtoto. Mtoto, kwa kuwa hajui unafiki, anacheka. Makanga anapiga bati na kudai huyo abiria wa ziada alipiwe nauli. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha, na siku zote bata ni yule aliyevaa vibaya.

Wakubwa nao wamejaribiwa. Agosti 2019 Bunge la Kaunti ya Homa Bay lilikuwa likijadili vibanda vya soko pale mjumbe mmoja alipolalamika kwamba kuna mwenzao aliyechafua hewa. Mshukiwa akakana. Spika akaahirisha kikao kwa muda na kuagiza itafutwe dawa ya kupuliza, iwe ya vanila au ya stroberi. Huko Malawi, mwaka 2011, waziri wa sheria George Chaponda alidai kuwa mswada wa serikali ungeharamisha kujamba hadharani. Baada ya kuchekwa akayameza maneno yake. Namhurumia polisi ambaye angetumwa kukusanya ushahidi.

Sasa twende wadi ya upasuaji, ambako ushuzi huvuliwa aibu zote. Mtu akipasuliwa tumbo, matumbo husinzia kwa dawa na kwa kushikwashikwa. Dalili mojawapo kwamba yameamka ni upepo, ndiyo maana muuguzi hapiti kitandani bila kuuliza: "Mama, umepitisha hewa?" Tumbo likivimba, hewa isipite, na mgonjwa akawa anatapika, madaktari hawana mzaha tena, maana huenda utumbo umeziba. Hata aliye nyumbani akiona hivyo asikae kunywa tangawizi, akimbilie hospitali.

Mtazame basi binti aliyejifungua kwa upasuaji. Mama mkwe, ambaye mbele yake hata kupiga mwayo ni kesi, ameketi pembeni na chupa ya uji, akimuuliza kila baada ya dakika chache kama bado. Mara blanketi linatoa sauti. Binti anafunika uso, mkwe anasimama wima, anatoa simu kifuani na kupiga nyumbani, kwa sauti ya kusikika wadi nzima: "Baba Njeri, mshukuruni Mungu, ametoa! Na ilikuwa kubwa!"