Shahada ya Kupaa

Hapo zamani za juzi, kando ya Mto Ruaha Mkuu, matokeo yalitoka. Binti Mhanga alikuwa amefaulu, na mtoto akifaulu ukoo mzima huwa na kikao. Wakakusanyika jioni chini ya mbuyu kumchagulia kozi. Mwenyewe aliitwa kuja kugawa chai.

Mjomba Ngiri ndiye aliyefungua mazungumzo. "Kuchimba ni kazi ya waliokosa shule," alisema. "Huyu asome Kupaa. Mtazameni Tai: anaishi juu, anakula nyama, na miguu yake haijui vumbi."

Wakapiga makofi. Kiza kilipotanda Mjomba aliaga, akaingia shimoni mwake kinyumenyume kama ilivyo desturi ya ngiri, meno yakitazama nje. Shimo lenyewe lilichimbwa na mama yake binti. Nungunungu naye alikuwa na shimo lake, Fisi lake, yote yakiwa kazi ya wahanga. Hakuna aliyeona ajabu.

Kesho yake akaja Kunguru, wakala wa Chuo cha Anga, aliyelipwa kwa kila kichwa alichopeleka. Kipeperushi chake kilisema: "Wahitimu wetu wako juu!" Juu wapi, hakikusema. Fomu ilikuwa na nafasi tatu, na Mjomba akazijaza kwa mkono wake. Chaguo la kwanza: Shahada ya Kupaa. La pili: Kupaa na Utawala. La tatu: Stashahada ya Kupaa, mtoto asije akakosa vyote. Kozi ya Uchimbaji na Ardhi ilikuwa katika ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mwongozo, na ukurasa huo muuza karanga alikwisha kuutumia kufungia karanga. Bodi ikatoa mkopo wa mchwa, utakaorejeshwa kwa mchwa.

Chuoni, somo kuu lilifundishwa na Profesa Mbuni, ndege mkubwa kuliko wote duniani, kilo zaidi ya mia, ambaye mbawa zake hazijawahi kumnyanyua. Lakini nadharia alikuwa nayo. Profesa huyohuyo aliweza kukimbia kilomita 70 kwa saa, na hilo ndilo asilolifundisha, kwa kuwa Kukimbia hakukuwa na shahada.

Vipindi vilikuwa saa sita mchana. Mhanga ni mnyama wa usiku, kwa hiyo binti alisinzia, na kwenye faili lake likaandikwa neno "mvivu". Usiku, wenzake walipolala, alichimba nyuma ya bweni mpaka alfajiri. Kwa hilo akapewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya chuo. Siku ya mtihani wa vitendo alirushwa kutoka juu ya kichuguu. Msimamizi akaandika: "Ameruka vizuri, ila kuelekea chini."

Mwaka wa pili ndipo alipofanya jambo lililopaswa kufanywa kabla ya fomu: aliwatafuta waliomaliza. Alianza kwa Kanga, ambaye kila jioni hupaa hadi tawini kulala. "Kozi ilinitesa," Kanga alisema, "lakini nikianguka leo, kesho nilikuwa uwanjani kabla ya mwalimu." Akaenda kwa Pimbi, akakuta cheti kimetundikwa vizuri mwambani.

"Unafanya kazi gani, kaka?"

"Natafuta kazi ya kupaa."

"Kwani kupaa unakupenda?"

Pimbi akafikiri sana. "Hilo sijajiuliza, dada. Alama zangu ziliruhusu."

Binti akarudi akiwaza. Kozi ni hiyohiyo, mwalimu ni huyohuyo, cheti ni kilekile. Kumbe swali si kozi ipi ina heshima, wala alama zinaruhusu ipi. Swali ni kazi ipi utakayoirudia siku iliyokuangusha.

Hata hivyo hakukimbilia kuhama. Kwanza aliingia kimyakimya katika darasa la Uchimbaji, lililofanyika usiku chini ya Mwalimu Kakakuona. Alidhani atastarehe, maana kuchimba amezaliwa nako. La hasha! Pale hawakuchezea udongo. Walisoma kichanga kisichoshika paa, mteremko wa maji, njia za hewa. Hesabu za paa zilimtoa jasho kuliko kichuguu cha mtihani, na jaribio la kwanza alilikosa lote. Lakini jua lilipochomoza lilimkuta bado anazirudia, hakuna aliyemtuma.

Ndipo akaenda kwa Msajili Kenge. "Umekula mkopo wa mwaka mzima," Kenge alisema, "halafu unataka kushuka ardhini?" Binti akasaini. Mwaka ulipotea, na deni la mchwa likabaki palepale. Kijijini Mjomba Ngiri alitangaza kwamba mtoto amewaangusha.

Miaka ikapita. Kuna msimu mvua zilinyesha kuanzia Desemba bila kupumzika, na mashimo ya zamani yakaporomoka moja baada ya jingine. Mjomba akaja amelowa, mkewe na watoto nyuma yake. Binti Mhanga akapima mteremko, akaugeuza mlango usitazamane na maji, akachimba. Bei hakupunguza, na Mjomba hakuthubutu kuitaja.

Alipokauka, Mjomba alipata wazo. "Watoto wangu wote wanne watasoma Uchimbaji," alisema. "Huko ndiko kwenye soko." Kunguru alikwisha kutua mlangoni na kipeperushi kipya: "Wahitimu wetu wako chini!"

Binti Mhanga akamwita mdogo kuliko wote, aliyekuwa amepiga magoti akila majani. "Na wewe, mwanangu, unapenda kufanya nini?"

Mtoto akamtazama baba yake ili ajue anapenda nini.

"Usijibu sasa," Binti Mhanga akamwambia. "Njoo kazini kwangu usiku huu, kesho na keshokutwa. Ukiona udongo unakuchosha na bado unautaka, tutajaza fomu. Ukisinzia, usione haya. Kusinzia nako ni jibu, na ni rahisi kuliko ada ya mwaka mmoja."