Mjomba Spana Anajibu: Namba E, Tochi na Elfu Thelathini

*Mjomba Spana, shikamoo. Nimepata IST namba E, dalali anasema ni mpya kabisa. Mke wangu anataka tuichukue kabla ya Idi. Nitoe hela?* — Mwenye Haraka, Tabata

Marahaba, mpwa wangu. Hiyo herufi inakueleza jambo moja tu: gari liliandikishwa Tanzania lini. Lilitoka kiwandani lini, herufi haijui. IST za toleo la kwanza ziliundwa Japani kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo iliyoshuka bandarini juzi na kupewa namba E bado ni gari lenye umri wa kupiga kura. TRA haidanganyiki na herufi hata kidogo. Gari dogo la abiria lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa uzee wake, na lililopita hapo asilimia 30. Omba kadi ya gari, soma mwaka wa kutengenezwa, kisha mlete fundi asiyekula sahani moja na dalali. Mama watoto mwambie Idi ziko mbili kwa mwaka. Ila usimlaumu dalali peke yake, maana nchi nzima tumezoea kulisoma gari kwa maandishi yaliyobandikwa juu yake, na wanaosimama barabarani na sare nyeupe wamezoea hivyohivyo. Barua inayofuata inahusu hao.

*Mjomba, nimepigwa tochi njia ya Chalinze, 58 kwenye kibao cha 50. Trafiki alikuwa nyuma ya mti. Huu si wizi wa mchana?* — Mwenye Hasira, Morogoro

Pole, lakini 58 ni 58 hata trafiki angekuwa amekaa juu ya mti. Kishindo cha gari kinapanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka 50 ukafika 70, nguvu inayompata mtoto anayevuka barabara inakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo tochi siitukani. Katika vifaa vyote vya trafiki, ndicho kinachopima kitu kinachoua. Kinachonitia shaka ni mpangilio mzima unaoizunguka. Kwa miaka mingi faini ya papo kwa papo kwa gari imekuwa shilingi 30,000 kwa kila kosa. Taa ya nyuma imeungua, elfu thelathini. Umeovateki kwenye kona huku lori linakuja, elfu thelathini. Bei ikiwa moja, askari mwenye akili timamu atatafuta kosa linalopatikana kwa urahisi, na la taa unaliona ukiwa umesimama kivulini. La kwenye kona linataka uende kwenye kona.

Utaniambia natunga visa, kwamba faini ni ya usalama na si ya mapato. Basi tazama ni wapi zinapobadilishwa. Mwaka 2021 faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila tuliusikia ndani ya hotuba ya bajeti, kutoka kwa Waziri wa Fedha. Miaka minne kabla, bajeti ya 2017 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Hapo serikali ilionyesha, labda bila kukusudia, kwamba fedha ya barabara inaweza kukusanywa bila kumsimamisha mtu hata mmoja. Stika ilitoka kwenye kioo, mapato yakahamia kwenye pampu, na trafiki akapunguziwa karatasi moja ya kusoma. Ningependa apunguziwe na nyingine, apate muda wa kutazama tairi.

Wapo watakaosema trafiki asipojificha, madereva watawashiana taa na wote watapunguza mwendo. Ndiyo! Na wakishapunguza wote, kuna kazi gani nyingine iliyobaki? Anayeudhika kwa sababu watu wamepunguza mwendo kabla ya kumfikia ametuonyesha mwenyewe alichokuwa anasubiri. Hoja iliyo nzito zaidi ni kwamba bei moja inaziba mlango wa rushwa, kwa kuwa hakuna cha kukadiria pale kando ya barabara. Hiyo naikubali nusu. Viwango vikiandikwa na kutangazwa, vinaweza kutofautiana bila kufungua mnada: taa elfu kumi, kona zaidi sana. Lakini ni kweli pia kwamba kosa la laki mbili lina hongo nono kuliko la elfu thelathini, ndiyo maana la kona nisingeliacha mikononi mwa askari mmoja na mashine yake ya risiti. Lipelekwe mahakamani, leseni ikiwa hatarini. Wewe wa 58, lipa kwa namba ya malipo uliyopewa na uangalie kibao.

*Mjomba, nasoma kila siku kwamba magari ya umeme yanakuja na petroli imekwisha. Niuze langu mapema?* — Msomaji wa Vichwa vya Habari, Mwanza

Vichwa hivyo husahau kuuliza zile shilingi 40 zitachukuliwa wapi mtu asiponunua lita. Jirani zetu wametupa dokezo. Muswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ilipwe unapokata bima, isipungue shilingi 5,000 za Kenya wala kuzidi 100,000. Piga hesabu: mwenye gari la milioni nne na mwenye la milioni ishirini wangelipa sawa. Pendekezo liliondolewa kabla Rais Ruto hajaukataa muswada wote, lakini wazo la aina hiyo halifi, na gari la umeme litalipatia sababu mpya. Usiuze kwa kuogopa gazeti. Uza giaboksi ikianza kugonga. Ukitaka la umeme, uliza kwanza betri yake inauzwa wapi, kwa bei gani, na ni fundi gani hapo Mwanza aliyewahi kuifungua.