Namna ya Kumwingiza Mwanao MIT kwa Makala Asiyoielewa

Mzazi uliyeko Marekani, MIT hudahili waombaji wasiofika watano katika kila mia. Alama nzuri kila mtoto anazo. Kilichobaki ni mwanao kuchapishwa jaridani kabla hajajua kufua soksi zake.

1. Fungua pochi. Mwaka 2023 shirika la habari la ProPublica lilieleza jinsi kampuni zinazowatafutia wanafunzi wa sekondari washauri wa utafiti zinavyotoza dola 2,500 hadi 10,000. Usimuulize mtoto anapenda nini. Hilo ni swali la wasio na pesa.

2. Chagua mada ndefu. "Matumizi ya akili mnemba katika kuongeza ufanisi wa kitu fulani" inatosha. Mshauri, ambaye naye anadaiwa kodi ya nyumba, atajua kitu chenyewe ni kipi. Mtoto aandike shukrani.

3. Tafuta jarida lisilo na maswali. Likijibu "imekubaliwa" chai ikiwa bado ya moto, na ankara juu yake, umefika. Usihofu MIT kushtuka. Ni wanafunzi wao tu ambao mwaka 2005 walitunga SCIgen, programu ya kuandika makala za upuuzi mtupu, na moja ikakubaliwa kwenye kongamano. Hapo mambo hayo watayajulia wapi?

4. Usivunjike moyo. Mwaka 1975 paka aitwaye Chester alichapishwa katika jarida la fizikia la Physical Review Letters kwa jina la F. D. C. Willard. Bwana wake, mwanafizikia, alikuwa ameandika "sisi" makala nzima ilhali yuko peke yake, akaona uvivu kuipiga chapa upya. Mwanao atashindwa na paka?

5. Kwepa maelezo. Wasomaji wa maombi wana udaku: wanataka kujua mtoto mwenyewe alifanya nini, alikwama wapi, na mshauri anamsemaje. Mkaririshe muhtasari. Akiulizwa kwa nini alichagua kipimo kile na si kingine, akohoe.

6. Ficha ule mkono wa roboti alioutengeneza gereji kwa mota za printa mbovu, unaoangusha vikombe kila Jumamosi. Haujachapishwa popote. Tena ni hatari: akiguswa tu hapo, ataeleza saa nzima kwa nini vikombe vinaanguka na atakachobadilisha wiki ijayo, na MIT wanaweza kumchukua bure, pesa zako zote za jarida zikiwa zimeshaliwa.