Katika Kukisifu Kibanzi cha Karatasi

Watu wa kale walikuwa na desturi njema ya kuupima ufasaha wa mtu, si kwa kumtaka amsifu sultani, kwa kuwa sultani husifiwa hata na asiyejua kusema, bali kwa kumtaka alisifu jambo ambalo kila mwenye akili hulikimbia. Ndivyo Lucian wa Samosata alivyomtungia nzi sifa zake, na ndivyo al-Tha'alibi, mwanachuoni wa Nishapur aliyefariki mwaka 1038, alivyoandika kitabu kizima cha kuyapamba mabaya na kuyatweza mazuri. Mimi, niliye mdogo wao kwa elimu na kwa mambo mengine yote, nimekichagua kibanzi cha karatasi, yaani kile kipande ambacho aghalabu hakizidi milimita mbili, na ambacho hubaki kimejibanza ndani ya kalibu ya kukatia nakshi baada ya karatasi yenyewe kwisha kutolewa, kutazamwa na kusifiwa.

Kwa yule ambaye hajabahatika kuudhiwa nacho, kalibu ninayoisema ni bamba jembamba la chuma cha pua, ambalo kiwandani huliwa na dawa kali hata ukabaki ukingo mkali tu unaolifuata umbo la ua, la jani, la herufi au la utando wa buibui. Fundi wa kadi hulilaza bamba hilo juu ya karatasi nene, akavitia vyote viwili baina ya sahani za plastiki, kisha akavipitisha kati ya rola za mashine ndogo izungushwayo kwa mkono, na kule kubanwa ndiko kunakokata. Karatasi hutoka imekuwa kazi ya darizi. Lakini kila tundu lililomo katika darizi hiyo lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hajaenda mbali. Mshonaji wa kofia ya viua, anapotaka tundu, huzisukuma nyuzi kando kwa ncha ya chuma kisha akaizungushia mishono duara yake, wala hapana kinachofukuzwa. Karatasi haikujaliwa ukarimu huo, nayo haipati tundu ila kwa kumhamisha mtu kwao. Basi ni insafu gani hii, kuusifu uzuri wa ua na kumlaani aliyeondoka ili ua lionekane?

Wanaokishutumu husema kwamba kina inda. Mimi naona kwamba kina wafa. Karatasi ni nyuzi zilizoshikamana, na nyuzi zikibanwa ghafla katika chumba chembamba cha chuma hujikunyata, kisha shinikizo linapoondoka hutaka kujinyoosha, zikazishika kuta zilizozizunguka. Hivyo kibanzi hukaa mahali kilipotiwa, nao ni uaminifu ambao hatuupati kwa wapangaji wetu wala kwa wapwa zetu. Nasi wakazi wa pwani tuna sababu ya kukienzi zaidi, maana karatasi zetu hunywa unyevu wa masika, na nyuzi zilizolowa huvutika kabla ya kukatika, kikawa kibanzi kimetoka nusu, na nusu ya pili imeshikwa na karatasi kwa uzi mmoja usioonekana mpaka ua zima lipasuke.

Tazameni na silaha zilizobuniwa kwa ajili yake, kwani ukubwa wa mtu hujulikana kwa majeshi yanayotumwa kumkabili. Kwanza ni matundu madogo ambayo watengenezaji huyaacha nyuma ya kalibu ili sindano ipenye na kukisukuma, jambo ambalo kwangu ni ithibati kwamba kiwanda chenyewe kilikwisha kukitambua kuwa mwenyeji kabla chuma hakijauzwa. (Sindano hiyo ikiteleza huingia chini ya ukucha, lakini hilo tulihesabu kuwa ni kosa la sindano.) Kisha kuna karatasi ya nta, inayolazwa baina ya chuma na karatasi ya kazi ili kuwe na utelezi, na kuna burashi ya duara yenye nywele ngumu, inayosukumwa huku na huku juu ya kalibu iliyowekwa kwenye sifongo, nayo kwa kweli huving'oa vibanzi kwa makumi. Ila haisemwi vinakokwenda. Kutoka kalibuni huhamia burashini, kutoka burashini hurukia kanzu, na kwa kanzu hufika msikitini, wakaonekana safu ya tatu watu wazima wana theluji mabegani katika mji ambao haujapata kuona theluji.

Na asiyesadiki kwamba kitu dhalili namna hii kina hadhi mbele ya mataifa, na akumbuke tarehe 7 Novemba 2000, siku Wamarekani walipopiga kura ya kumchagua rais wao. Katika wilaya kadhaa za jimbo la Florida mpiga kura alipewa kadi na kijiti chenye ncha, akatakiwa adunge mahali pa mtu amtakaye ili kibanzi cha mstatili kidondoke. Vingi vilidondoka kwa adabu. Vingine vikaning'inia kwa pembe moja, vingine vikabaki vimeshikwa kwa mbili au tatu, na vingine vikavimba tu, visiende popote. Basi huko Palm Beach na Broward wakaketi watu wenye vyeo vyao, wakazinyanyua kadi moja moja kwenye mwanga, hakimu mmoja akipigwa picha amekodoa macho nyuma ya kioo cha kukuzia, na mawakili wakabishana kama nia ya raia hutimia kwa pembe mbili au hapana budi ziwe nne. Kwa siku 35 dola yenye nyambizi na mabomu ya atomiki ilikaa kitako ikingoja kibanzi kiamue, hata Mahakama ya Juu ilipokata shauri tarehe 12 Desemba, na George W. Bush akabaki mshindi wa Florida kwa kura 537 kati ya karibu milioni 6. Mwaka 2002 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kutoa fedha ili mashine hizo zibadilishwe. Ni wanasiasa wachache mno walioondolewa kwa gharama kubwa namna hiyo.

Sikatai kwamba wapo mafundi waliokwisha kutubu. Hao hulikata ua lile lile mara mbili, kwa karatasi nyeupe na kwa nyekundu, kisha wakavichukua vibanzi vyekundu na kuvipachika katika matundu meupe, kimoja kimoja, kwa kibano; na hapo yule aliyekuwa taka huwa mgeni wa heshima, na aliyeharakisha kufagia huonekana usiku jaani na tochi.

Siku hizi zimeingia mashine za leza, zinazolikata ua kwa kuliunguza, na vibanzi vyake huanguka vyenyewe bila kubembelezwa, ukingo ukabaki na rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi. Sina ugomvi na leza, ila sijaona sababu ya kukisifu kibanzi kinachoondoka kwa kuambiwa mara moja. Kadi ya harusi iliyokatwa hivyo naipokea kwa taadhima, nasoma tarehe na ukumbi, naiweka. Iliyokatwa kwa kalibu huigeuza kwanza, nikaishika dirishani, nikayakagua matundu yote, na nikiona kibanzi kimoja kilichokaidi sindano, burashi na mama mzazi wa bibi harusi, huuongeza mchango wangu papo hapo.