Mhadhara wa Dakika Kumi

Ndugu abiria wenzangu, mabibi na mabwana, dereva wetu mpendwa, konda, na wewe fundi ambaye kwa sasa tunaiona miguu yako tu chini ya gari, kandambili moja ya bluu na nyingine nyekundu. Itifaki imezingatiwa. Aliyesinzia asiamshwe, elimu itamfuata hukohuko usingizini.

Fundi ametangaza kwamba rejeta itakuwa tayari baada ya dakika kumi. Utafiti wangu wa miaka thelathini umethibitisha kuwa dakika kumi za fundi ni sawa na saa mbili na nusu za ukutani. Muda tunao, kivuli cha mbuyu huu tunacho, mlima Kitonga hatuwezi kuupanda kwa miguu, na hakuna hata mmoja wenu mwenye pa kukimbilia. Katika mazingira mazuri namna hii, kunyamaza na hazina yote niliyonayo kichwani itakuwa uchoyo.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Profesa wa Safari. Uprofesa huu nilijitunuku mwenyewe nilipotimiza safari ya mia moja, baada ya kuona vyuo vyetu vinazembea. Leo niko njiani kwenda Njombe, ambako nimeombwa kutoa nasaha kwenye harusi ya mpwa wangu. Naona konda ameniangalia kwa jicho la mshangao niliposema Njombe. Nimeshazoea. Watu wasiotarajia kukutana na msomi barabarani huduwaa. Na wewe kijana uliyenyoosha kidole, kishushe. Maswali ni mwishoni.

Nianze na historia, maana mhadhara bila historia ni sawa na gari bila buti.

Neno safari ni letu. Waingereza walilichukua, wakaondoka nalo, na kule kwao likanywea hadi likawa kuketi ndani ya gari na kofia pana, unamtazama simba. Sisi tuliobaki nalo tunajua maana yake kamili: simba yumo, lakini wamo pia kuku chini ya siti, ndoo ya mtu miguuni pako, na mzee anayekusimulia maradhi yake kutoka Kibaha hadi Mikumi. Wanahistoria watakutajia Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 kisha akaendelea hadi Kilwa. Ni msafiri mzuri kwa kiwango chake. Lakini je, aliwahi kukaa siti ya nyuma kabisa, juu ya injini, mwezi Februari? Watakutajia pia Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 na kuyaandika aliyoyaona kwa Kiswahili. Namheshimu. Ila Siberia hakuna mpiga debe.

Hapo ndipo inapoanza elimu yenyewe.

Kanuni ya kwanza inahusu saa. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku, ndiyo maana taifa zima lilikuwa likiondoka kwa pamoja saa 12 asubuhi kana kwamba limepigiwa filimbi. Ruhusa ya usiku ilirudi mwaka 2023, lakini mwili wa msafiri mkongwe haujapokea waraka huo. Mimi leo nilikuwa Mbezi Luis, kwenye kile kituo kilichopokea kazi ya Ubungo mwaka 2021, tangu saa 10 alfajiri. Sasa sikilizeni. Tiketi za mashine huandika 06:00. Niliwahi kushuhudia mgeni, mwanafunzi wa Kiswahili, aliyeambiwa kwa mdomo kuwa gari ni saa 12. Alikuja jua likiwa utosini, ametulia kabisa, mkononi ana ndizi. Siku hiyohiyo kulikuwa na bibi mmoja kutoka kwetu aliyesomewa 06:00 na mjukuu wake, naye akaja saa 6 mchana. Mmoja alifuata saa ya kizungu kwenye maneno ya Kiswahili, mwingine saa ya Kiswahili kwenye maandishi ya kizungu, na njia zote mbili zikawafikisha kwenye benchi moja. Wakasubiri pamoja gari lililokwisha kupita Morogoro, wakamega ile ndizi. Kwa hiyo kanuni inasema: isome tiketi yako, uielewe, kisha uisome tena. Andikeni.

Kanuni ya pili ni wapiga debe. Msafiri mchanga huwaogopa, mkongwe huwatawala. Leo mmoja alininyang'anya begi, akaichungulia tiketi yangu bila ruhusa, akakimbia nalo hadi kwenye buti la gari akipiga kelele "Huku mzee, huku!" Nilimkaripia mbele za watu. Kijana mzima, na kidevu kinaota ndevu, hajui kwamba tiketi ya mtu ni kama barua yake! Nikamwacha na makelele yake, nikapanda gari kwa hadhi, bila kuelekezwa na mtu. Na konda huyuhuyu aliponiomba tiketi mlangoni, sikumwonyesha karatasi. Nilimwonyesha uso. Msafiri wa daraja langu haulizwi tiketi.

Kanuni ya tatu ni siti kuuzwa mara mbili. Mmeona wenyewe. Nimeingia, nimeiendea B3 yangu ya dirishani, nikamkuta binti huyu ameketi, ana tiketi, na tiketi inasema B3. Abiria wa kawaida angegombana. Mimi nilitabasamu, nikampa mhadhara mfupi kuhusu ulafi wa wakatisha tiketi, kisha nikamwachia. Nimesafiri kilomita zaidi ya mia tatu juu ya dumu la mafuta ya kula, katikati ya njia, na kila aliyepita kwenda mlangoni ameninyanyua. Sijalalamika zaidi ya mara tisa. Huo ndio ukomavu.

Kanuni ya nne ni biashara ya dirishani, na hapa nawaomba mtulie, maana ndiyo sura ngumu kuliko zote. Gari likipunguza mwendo Chalinze, mnajua kinachotokea. Dirisha linageuka duka: korosho, machungwa, mayai ya kuchemsha yenye kijikaratasi cha chumvi, chaja za simu, na soksi. Muuzaji ananyanyua beseni kichwani mwake hadi usawa wa pua yako. Kanuni inasema pesa isitangulie bidhaa, na pesa kubwa isitoke kabisa. Mwaka fulani niliivunja kwa makusudi ya utafiti. Nilitoa noti ya 10,000 kwa korosho za 5,000. Korosho nikapokea, chenji haijaja, gari likaondoka. Kijana alikimbia hatua kadhaa huku mkono ameunyoosha, kisha akabaki nyuma akawa nukta. Niliwageukia majirani zangu, nikawapa uchambuzi wa nusu saa kuhusu kuporomoka kwa maadili ya vijana. Walikubaliana nami wote. Kilomita chache mbele trafiki akatusimamisha, na tulipokuwa tumesimama ikaja bodaboda imejaa vumbi. Juu yake yuko yule kijana, anatokwa jasho, anapita dirisha kwa dirisha anatafuta uso wangu. Akanipa 3,000. "Mzee, elfu mbili nimempa bodaboda."

Majirani waliniangalia. Nikawaambia kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakisema tangu mwanzo.

Kanuni ya tano ni chakula. Konda akitangaza dakika ishirini, hesabu zake ni hizi: tano za kushuka, sita za foleni ya choo, nane za foleni ya chakula, na moja ya kula. Supu inayoletwa dakika ya kumi na tisa huwa inachemka bado. Zamani tulikuwa na ufumbuzi: supu inatiwa kwenye mfuko wa plastiki, unaufunga fundo, unapanda nayo garini kama samaki wa mapambo. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku, Juni 1, 2019, mazingira yamepona, lakini taaluma hiyo imekufa na wataalamu wake. Mimi ni miongoni mwa wachache waliobaki. Siku hizi nashauri ndizi na yai. Yai halimwagiki.

Kanuni ya sita ni kuchimba dawa. Kwa kuwa kuna watoto, sitafafanua. Nitasema tu kwamba konda akisema "wa kuchimba dawa," akina baba upande huu na akina mama upande ule, basi usiende mbali kwa ajili ya staha hadi ukashindwa kusikia honi. Nina rafiki aliyechagua kichaka chenye heshima sana. Alifika Iringa juu ya lori la vitunguu. Mpaka leo anasema ndiyo safari nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, kwa sababu dereva wa lori alikuwa mwimbaji. Mimi simwamini. Hakuwa na siti.

Mama, tafadhali, mtoto asicheze na hayo majani. Hayo matawi yaliyopangwa barabarani nyuma ya gari ni alama ya kuwaonya madereva wengine. Ni alama ya tahadhari inayoota yenyewe, fundi anaikata kwa panga. Hiyo ilikuwa kanuni ya saba, nayo imeletwa na mtoto.

Na kwa kuwa mtoto amejitokeza, nimtumie kama mfano wa makosa. Asubuhi ya leo tulipita hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hii inakatiza mbugani kilomita zipatazo hamsini, na kuna bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Nyani ana bei yake, nyati ana bei yake. Abiria sikumwona kwenye orodha. Basi, katikati ya mbuga mtoto huyu akapiga ukelele: "Twiga!" Gari zima likasimama wima, waliolala wakaamka, hata filamu ya kwenye runinga ikakosa mtazamaji, watu wakarundikana upande mmoja hadi gari likainama. Huo ni uchanga. Mimi sikugeuka. Wakati huo nilikuwa namweleza jirani yangu tabia za twiga.

Nihitimishe. Msafiri aliyehitimu hashangazwi. Anaijua njia kabla ya njia kumjua: Chalinze itakuwa na korosho, Ruaha Mbuyuni itakuwa na vitunguu, Ilula itakuwa na nyanya, mizani itakuwa na foleni, na tochi ya trafiki itakuwa nyuma ya mti uleule. Mambo ya ghafla huwapata wasiojiandaa. Miaka thelathini, ndugu zangu, na sijawahi kupotea, kuachwa, wala kukosea.

Sasa napokea maswali. Nitapokea moja tu, maana miguu ya fundi imeanza kusogea.

Naam, binti wa B3. Simama tukuone. Unauliza… tiketi yangu inasema nini? Swali la msingi, ingawa ni la darasa la kwanza. Inasema… subirini nivae miwani. Inasema 06:00, sahihi. Inasema B3, kama nilivyosema. Inasema Dar es Salaam hadi Njombe, kama nilivyowatangazia.

Konda, kwa nini unashika kichwa?

Hili gari ni la Mbeya?

Watu wote waliomo humu wanakwenda Mbeya? Nyoosheni mikono. Ahsanteni. Shusheni.

Kwa hiyo mabasi mawili ya kampuni moja, rangi moja, saa moja, yaliegeshwa ubavu kwa ubavu, na yule mpiga debe aliyekuwa akipiga kelele "huku mzee, huku" alikuwa… Naelewa. Na begi langu amelipakia kwenye gari lililo sahihi. Kwa maneno mengine, suti yangu inawahi harusini, mwenye suti yuko chini ya mbuyu. Binti, siti ni yako, ilikuwa yako tangu Mbezi, na ule mhadhara kuhusu wakatisha tiketi naomba uurudishe. Kijana uliyenyoosha kidole mwanzoni, ndicho ulichotaka kuniambia? Unaweza kukinyoosha tena sasa, lakini faida yake imeshapita.

Acheni kucheka, mtamshtua fundi.

Konda anasema hakuna taabu: nishuke Makambako, pale njia ya Njombe na Songea inapochepuka, na magari madogo ya kwenda huko hayakosekani. Nauli nyingine juu yangu. Mama wa watu ananipa chungwa, limemenywa ganda moja refu lisilokatika. Ahsante, mama. Sikuwa nimelitegemea. Na wewe binti unasema tutapokezana dirisha? Nusu njia wewe, nusu njia mimi? Mungu akubariki. Dumu lile limeniachia alama ambayo harusini sitaweza kuieleza.

Kanuni ya nane mtaandika wenyewe, kalamu yangu iko kwenye begi.

Fundi, bado kiasi gani? Dakika kumi. Vizuri sana. Wewe mtoto, hebu acha hayo majani, uje ukae hapa karibu na babu. Muda tunao. Niambie, huyo twiga alikuwaje?