Mlima Uko Upande Gani?

Nyumba ya Majengo, hapa Moshi, huchorwa na ukoo mzima kabla mchoraji hajaitwa. Ukitamka tu kwamba unataka kuongeza fremu za biashara mbele ya nyumba ya wazazi, shemeji anakuja na ghorofa, shangazi anataka chumba chenye choo ndani kwa ajili ya wageni (mgeni mwenyewe ni yeye), na baba mdogo anateremka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi na agizo la fremu nne. Kibali hakimo midomoni mwa yeyote. Kwa baba mdogo, mtu hujenga kihambani kwake, shamba la ukoo, na aliyekwisha kupewa na baba yake haombi tena kwa mtu.

Sawa. Ila kihamba chake kinalindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Sisi wa mjini tuna Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, inayotaka upate idhini kabla ya kuchimba msingi. Asiyeamini na asubiri kijana mwenye kopo la rangi nyekundu aje amwandikie X ukutani.

Mchoraji wetu ana kompyuta moja kando ya mashine ya fotokopi. Alitutolea michoro ya kupendeza, tukaibeba pamoja na nakala ya hati na risiti ya kodi ya pango la ardhi hadi ofisi ya mipango miji. Afisa mipango miji, mama wa makamo mwenye miwani, alitazama ukurasa wa kwanza, akauliza kwa upole: "Na huyu mama aliyeandikwa hapa kuwa mwenye nyumba, ni nani?"

Mke wangu, tuliyekaa naye benchi moja, naye akataka kujua. Kumbe mchoraji alinakili ramani ya mteja mwingine akasahau kufuta jina. Afisa alielewa mara moja. Mke wangu alielewa baadaye sana.

Ukurasa wa pili ulikuwa na bwawa la kuogelea pale penye migomba. Wa tatu ulikuwa na mshale wa kaskazini.

"Baba, mlima uko upande gani?"

Nikaonyesha dirishani. Kibo ilikuwa imejifunika mawingu, lakini mtu wa Moshi haulizwi mara mbili.

"Basi kwa mchoro wenu, Kibo imehamia upande wa Arusha."

Tulitumwa tukarekebishe, na maswali juu: shimo la maji taka litachimbwa wapi? Gari la kunyonya litapitia wapi? Moto ukishika, jirani atatokea wapi? Nampa afisa haki yake: ukoo ulikuwa umebishania vigae na rangi ya geti hadi usiku, na kinyesi cha wapangaji hakuna aliyekifikiria ila yeye.

Siku ya ukaguzi wa kiwanja, baba mdogo alimwonyesha afisa mpaka: mmea wa isale, limestawi vizuri. Afisa alilitazama kwa heshima, maana kwa Wachaga isale halichezewi, kisha akaomba bikoni, alama ya mpaka ya wapima ardhi. Tuliitafuta mpaka tukaipata ndani ya banda la kuku la bibi jirani, chini ya tetea anayeatamia. Bibi akasema kuku wake hasumbuliwi na serikali yoyote.

Hapo ndipo baba mdogo alipokata jani la isale, akalishika kwa mikono miwili, akamwendea. Anayeombwa kwa isale hakatai. Bibi alilipokea akinung'unika, kuku akahamishwa na mayai yake, namba ya bikoni ikasomwa.

Kibali kimetoka. Kinasema fremu mbili, kwa sababu nne zingeingia barabarani. Baba mdogo hajaambiwa. Wewe unayesoma, ukipita Kibosho ukamkuta, ongea naye habari za kahawa.